Mkalia Injini wa Gofa

Wubishet aliigundua kazi yake siku alipomkuta mkaguzi mmoja wa elimu amelala fofofo juu ya kreti la soda, mdomo wazi, nzi wakimkagua yeye. Ilikuwa katikati ya gereji, kule Gofa, Addis Ababa, na mbele ya mkaguzi huyo injini ya gari lake ilikuwa imetandazwa juu ya gunia, pistoni kwa pistoni, boliti kwa boliti, kama vyombo vya bibi harusi.

Gofa hakuna mtu anayefungua injini akaiacha peke yake. Unakaa nayo. Siku tatu, siku tano, wiki, kadiri fundi atakavyo. Mke anakuletea injera na shiro kwenye kikapu, shemeji anakupokea uende haja, unarudi unakaa. Katika mji ule Corolla iliyozaliwa kabla ya dereva wake inauzwa bei ya kiwanja, na kila chuma chake cha asili kina mtu anayekiwaza kitandani. Fundi haoni vibaya ukimlinda. Anaona vibaya usipomlinda, maana hapo umemtia majaribuni na yeye ni binadamu.

"Mzee," Wubishet alimgusa mkaguzi begani, "walimu wako wamefunga shule wameenda sokoni."

"Waende," alisema mkaguzi bila kufumbua macho. "Nikitoka hapa nitarudi nikute injini ya mtu mwingine."

"Na ukipata mtu wa kukukalia?"

Jicho moja likafunguka. "Mtu gani?"

"Mtu mcha Mungu. Asiyelewa, asiyelala, asiyejua spana kumi na mbili wala kumi na nne."

Kufikia jioni ile Wubishet alikuwa ameketi juu ya kreti, mkaguzi amekwenda kukagua, na fundi Tamrat, mwenye gereji, alikuwa amechuchumaa mbele yake akifuta mikono kwa tambara.

"Amekupa ngapi ukodoe macho?" aliuliza Tamrat.

Wubishet akamtajia.

"Mimi nakupa mara tatu yake uende ukanunue sigara."

"Sivuti."

"Basi nenda ukatafakari kwa nini huvuti. Nusu saa inatosha."

Ndivyo ilivyoanza. Mwenye gari alimlipa aangalie na fundi alimlipa apepese, na Wubishet, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliwatendea wote wawili kama walivyolipa: aliangalia muda mrefu na kupepesa muda mfupi. Gari lilitoka likinguruma vizuri. Mwezi wa nne au wa tano lilianza kukohoa, na kufikia hapo mwenyewe alikwisha mlaumu muuza petroli, barabara, na jirani mwenye jicho baya. Mlinzi hakuna aliyemlaumu. Kwanza, alikuwa amekaa pale pale. Pili, alivaa netela nyeupe, ile shuka ya kwendea kanisani, na mkononi alishika kitabu cha Zaburi akifunua kurasa kwa kidole alicholowesha kwa ulimi. Gofa nzima walimwita Shemasi, ingawa kanisani alikuwa akisimama nje karibu na viatu.

Fisi alikabidhiwa bucha, akatoa na risiti.

Kufikia mvua za mwaka ule Wubishet alikuwa na Corolla yake mwenyewe, nyeupe, injini imefanywa upya miezi sita tu nyuma. Hiyo aliikalia mwenyewe siku nne, na hakupepesa hata vumbi lilipomwingia. Alikuwa na suti. Alikuwa na ng'ombe dume amekwisha mlipia kwa ajili ya karamu. Na kule mji wa Bishoftu alikuwa na Simegn, karani wa posta, msichana anayecheka kwa pua, ambaye Wubishet alimpenda kwa kweli kabisa, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa baba yake Simegn. Mzee Gebeyehu alikuwa ameendesha garimoshi miaka thelathini na alikuwa na imani chache lakini ngumu. Mchumba wa kwanza wa binti yake alikuja na gari la kuazima, na baadaye ikajulikana kwamba hata viatu vilikuwa vya kuazima. Kwa hiyo Mzee Gebeyehu alituma neno: wazee wa posa waje Jumapili, mara tu mfungo wa Filseta ukiisha, na ingawa kwa desturi mwoaji hubaki nyumbani, huyu aje nao, na gari lake. Alitaka kuisikia injini kwa sikio lake. Bila gari, wazee wasisumbuke.

Wubishet hakuwa na wasiwasi. Gari alikuwa nalo.

Siku mbili kabla ya mfungo, mvua ikipiga mabati mtu asisikie hata anachowaza, Corolla ya buluu iliingia gerejini polepole kama maiti inayopelekwa na watu waliochoka. Nyuma ilivuta moshi wa buluu. Akashuka mama wa miaka sitini na kitu, mwembamba, skafu nyeupe, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Ni wewe Shemasi?"

"Ni mimi, mama, mtumwa wako."

"Mimi ni Yeshimebet, mjane wa Ketema. Gari linakula oili. Nimeambiwa ringi za pistoni na beringi za krenki zibadilishwe. Lakini kesho kutwa naingia Filseta, nakwenda kukaa kanisani kwa Mariamu, siku zote kumi na sita, nalala huko huko. Sina mtoto, sina shemeji. Nani atanikalia?"

Wubishet alifunga kitabu cha Zaburi taratibu. "Mama, nitakaa nalo kama linavyokaa kaburi na msalaba."

"Halijafunguliwa, mwanangu. Tangu marehemu alipolinunua."

Fundi Tamrat, aliyekuwa chini ya gari jingine, alitoka. Mgongo wake wote ulikuwa tope, hakujali. "Halijafunguliwa kamwe, mama?"

"Mimi si fundi, mwanangu. Ila marehemu alikuwa akisema, Yeshi, usikubali mtu alifungue. Ni kosa?"

"Si kosa," alisema Tamrat. "Ni adabu."

Bibi Yeshimebet alimshika Wubishet mkono. Mkono wake ulikuwa baridi na mkavu. "Ni amana," alisema. "Niapie."

Wubishet akaapa kwa Mariamu, kwa Gabrieli, na kwa ziada, bila kuombwa, kwa Giyorgis na farasi wake. Bibi akatikisa kichwa, akalipa nusu, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Walimsubiri apinde kona ndipo wakainua boneti.

Boliti zote za injini zilikuwa na alama ya rangi ya njano, nukta moja moja, ile ambayo kiwandani huwekwa kuonyesha zimekazwa na hazijaguswa. Tamrat alizipitishia kidole kama kipofu anayesoma. Walipoishusha injini siku ya pili ya mfungo, wakaipindua, wakaitoa krenki, lile chuma zito lililopindapinda linalokaa tumboni mwa injini na kubeba pistoni zote, Tamrat aliipima mara tatu kisha akaketi chini.

"Kipimo cha kiwandani," alisema. "Haijawahi kulika, haijawahi kuchongwa isawazishwe. Wubishet, nimekuwa fundi miaka ishirini na mbili. Hizi huwa nazisikia tu, watu wakisimulia."

"Bwana Dejene atatoa ngapi?"

Bwana Dejene alikuwa na Corolla tisa za teksi na moyo mmoja, na moyo huo alikuwa ameuweka kwenye vipuri vya asili. Tamrat alitaja kiasi ambacho Bwana Dejene angetoa. Wubishet aliona karamu yake ikiongezeka ng'ombe wa pili, asali ya pombe ya tej, na mpiga zeze la masinko wa kuja kwa ndege.

"Tumwekee bibi ile mbovu iliyopo chini ya meza," alisema.

"Hapana."

"Hapana vipi?"

"Nimefunga," alisema Tamrat. "Siwezi kumwekea mjane chuma kibovu nikiwa nimefunga."

"Lakini kumwibia unaweza."

"Kumwibia ni kazi. Kumwekea kibovu ni dhambi." Alifuta vipimo vyake kimoja kimoja. "Halafu bibi ana safari ya Dessie kwa dada yake, milima mitupu. Akilala njiani wiki ya kwanza, parokia nzima itakuja hapa na mishumaa. Tunahitaji krenki nzima. Iliyochongwa mara moja, iliyokaa vizuri, yenye beringi zake."

"Basi nunua."

"Kwa kitu gani? Wewe pesa zako zimesimama zizini zinakula nyasi."

Wakatazamana. Kisha Tamrat akageuza kichwa pole pole, akaangalia nje, mahali Corolla nyeupe ya Wubishet ilipokuwa imeegeshwa ikioshwa na mvua.

"Usithubutu," alisema Wubishet.

"Yako ilichongwa mara moja. Nilichonga kwa mkono wangu."

"Naposa Jumapili ya kufungulia, Tamrat. Mzee anataka kuisikia."

"Sikiliza basi. Yako inatoka leo, inaingia kwa bibi. Mfungo unaisha Jumamosi. Bwana Dejene hanunui kitu akiwa amefunga, kwa hiyo anakuja siku hiyo saa sita mchana, analipa. Saa saba nakuletea krenki nyingine kutoka soko la Merkato, bora kuliko hii. Usiku injini yako inanguruma. Jumapili asubuhi umeshika usukani, miwani usoni. Na chenji inabaki."

Wubishet alitembea mpaka kwenye gari lake, akaweka kiganja juu ya boneti, akarudi. Mtu mwingine angejiuliza kwa nini katika biashara ya kuibia wengine kifaa cha kwanza kutolewa ni cha kwake. Lakini mjanja akishaanza kuhesabu faida, masikio yake huziba ili hesabu isivuje.

"Fungua," alisema.

Siku zilizobaki alikaa juu ya kreti kama alivyoapa. Mvua ilinyesha. Kwa kuwa Gofa nzima ilikuwa imefunga, na yeye ndiye Shemasi, hakuweza kugusa chakula mpaka saa tisa, wala maziwa, wala yai, kwa siku zote kumi na sita. Wauza mboga walimwonea huruma. "Mwangalieni," walisema, "anakondea gari la mjane." Na kweli alikonda. Ukitaka kumhukumu Wubishet, hilo nalo liandike.

Jumamosi ya sikukuu, kengele za makanisa zilikuwa bado hewani, saa tatu asubuhi, Bibi Yeshimebet aliingia gerejini na mwavuli wake na mkate mkubwa wa mviringo umefungwa kwenye kitambaa.

"Tulisema saa tisa, mama," alisema Wubishet.

"Tulisema. Lakini nilikuwa na hamu."

Tamrat akawasha. Corolla ya buluu ilishika mara moja, ikatulia, ikanguruma kwa sauti ya chini, laini, kama paka mwenye nyumba. Moshi hakuna. Bibi alisimama akiisikiliza, kichwa kimeinama upande, muda mrefu kidogo kuliko walivyopenda.

"Imebadilika," alisema.

"Ni ringi, mama," alisema Tamrat haraka.

"Ringi," alikubali bibi. Akalipa nusu iliyobaki, akaukata mkate, akawapa kila mmoja kipande. Wakangoja aondoke. Akaketi. Alichagua kreti la Wubishet.

"Mvua hii, wanangu. Nitangoja ipungue."

"Imepungua, mama, ona."

"Itarudi."

Saa nne haikuondoka naye, saa tano hivyo hivyo. Wubishet alimtolea habari za foleni ya magari pale mzunguko wa Mexico, za daraja lililofurika, za dada yake wa Dessie ambaye pengine alikuwa mgonjwa. Bibi aliagiza kahawa kwa mwanamke wa jirani, kikombe cha kwanza, cha pili. Saa sita kamili gari la Bwana Dejene likaingia, akashuka mwenyewe, tumbo mbele, wasaidizi hakuna, maana kwa vipuri vya asili hakumwamini mtu.

"Iko wapi?"

"Tuingie ndani, bwana," Wubishet alimnong'oneza.

"Ndani kuna giza. Mimi nanunua chuma, sinunui mchumba." Akaliona gunia kwenye pembe, akalivuta mwenyewe mpaka uani, akalifungua. Krenki ikang'aa kwenye mwanga wa mvua. Wubishet alisogea akasimama kati yake na bibi, akapanua netela kama kuku anayefunika vifaranga.

"Ukinizibia sioni mvua," alisema Bibi Yeshimebet kwa upole. Wubishet akasogea.

Bwana Dejene alipima. Akaguna kwa raha. Kisha akatoa mfukoni kipande cha chaki na kichupa cha mafuta ya taa.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Tamrat.

"Mimi kila krenki naipaka. Hata ya mama yangu ningeipaka."

Aliipaka mafuta ya taa kote, akaingoja kidogo, akaifuta ikakauka kabisa, halafu akasaga chaki akaipaka unga mweupe kila kona. Kipimo kile hakina siri: mafuta yaliyoingia kwenye ufa hurudi nje taratibu na kulowesha chaki. Chuma kizima hubaki cheupe. Tamrat alikijua kipimo kile tangu ujana wake. Hakukifanya, kwa sababu mtu hampimi malaika homa.

Walichuchumaa wote watatu wakiangalia. Unga ulikuwa mweupe. Ukabaki mweupe. Kisha, kwenye kiungo cha tatu, mstari mwembamba wa kijivu ulijitokeza, ukarefuka, ukazunguka, ukakutana na mwanzo wake.

Bwana Dejene akaufuata mstari kwa ukucha.

"Imeungwa," alisema Bwana Dejene hatimaye. "Imejazwa kwa moto, ikachongwa kurudi kipimo chake, ikapigwa msasa. Kazi ya mtu aliyejua. Ningeifunga kwenye teksi, ingekatika mteremko wa kwanza ikatokea kwenye boneti na abiria ndani." Akasimama, akajipangusa magoti. "Shemasi. Nina gari tisa na ndugu kumi na wawili wenye gereji. Kabla ya jua kuzama wote watajua unachouza."

"Bwana Dejene, hata mimi nimedanganywa."

"Na nani?"

Nyuma ya Wubishet mtu alikunywa kahawa kwa kuivuta.

Bwana Dejene alipoondoka, Tamrat alikumbuka kazi ya haraka sana chini ya lori upande wa pili wa barabara. Wakabaki wawili uani, na krenki katikati yao, imepakwa unga kama mzimu.

"Marehemu Ketema," alisema Bibi Yeshimebet, "aliendesha kutoka Awash mpaka Nazareti ya huku kwetu bila oili. Alikuwa mtu wa kuamini gari. Ikapasuka. Miaka ile ya vita vipuri hakuna hata vya dawa. Akampata mchomeleaji wa kiwanda cha sukari, mzee mmoja mwenye jicho moja, akaiunga. Akatuambia: msizidi sitini, na msikubali mtu aifungue. Miaka kumi na tisa naendesha sitini, mwanangu. Malori ya mchanga yananipigia honi. Watoto wa shule wananipita kwa baiskeli wakinipungia."

"Na zile nukta za njano?"

"Nilikuwa napaka lango. Rangi ikabaki."

Wubishet alikaa chini kwenye tope. "Ulijuaje habari zangu?"

"Ulimkalia daktari wangu wa meno. Mtu akikushika mdomo wazi nusu saa, utazisikia shida zake zote na huwezi kumkatiza."

"Mama, na kiapo je? Na kanisani siku zote zile ulikuwa unaomba nini?"

"Niliomba msichelewe," alisema bibi. "Krenki nzima siwezi kuinunua kwa pensheni yangu. Nilimwambia Mariamu, nimewaachia chuma changu kibovu, wape mkono mwepesi. Sikusema uongo hata mmoja. Nilisema halijafunguliwa tangu alipolinunua. Alilinunua baada ya kuipasua na kuiunga, kwa mwajiri wake aliyekuwa hataki tena kuliona."

"Ile iliyomo ndani ni yangu," alisema Wubishet. "Ya gari langu. Nirudishie, nakupigia magoti."

"Krenki ipi, mwanangu? Ile uliyonikalia?"

Akamtazama bila chuki yoyote. Wubishet aliona kwamba maneno ya kudai mali yake yalikuwa yale yale ya kukiri wizi, na kwamba wauza mboga walikuwa wamesogea karibu kwa ajili ya mkate.

Akamweleza basi habari za Simegn. Hakupanga kumweleza. Yalimtoka tu, bila ufundi wowote: kesho, wazee watatu, baba mwenye sikio la garimoshi, gari lake lililolala pale tumbo wazi, na magari ya kukodi yote mjini yamekwisha chukuliwa, maana mfungo ukiisha kila mtu anaoa. Alipomtaja msichana anavyocheka kwa pua, akaanza kufuta tope kwenye netela.

Bibi Yeshimebet alimaliza kikombe. "Saa mbili asubuhi," alisema. "Petroli yako. Na suti ukae nayo vizuri, viti nimevifua."

Jumapili wakatoka, wazee watatu wamebanana nyuma na shuka zao nyeupe, Wubishet mbele, bibi kwenye usukani. Walipofika barabara kuu akakanyaga mpaka mia. Akalipita lori la mchanga, akalipigia honi.

"Mama," Wubishet alinong'ona, "wakiuliza, useme ni langu."

"Nimemaliza mfungo jana. Nipe angalau wiki kabla ya uongo wa kwanza."

"Basi usiseme kitu."

"Nikiulizwa nitajibu," alisema bibi. "Ndivyo nilivyolelewa."

Bishoftu, Mzee Gebeyehu hakuwangoja wazee waketi. Alitoka na bisibisi ndefu, akasema boneti, ikainuliwa, akasema washa, ikawashwa. Akaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, akafumba macho. Dirishani Simegn alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Wubishet alimwona, akahisi suti inambana kwapani.

"Krenki imechongwa mara moja," alisema Mzee Gebeyehu akiwa amefumba macho bado. "Imekaa. Beringi mpya. Hii ni injini ya mtu asiyedanganya." Akafumbua. "Gari la nani?"

Mzee mkubwa wa posa, Woldeyes, alimtazama Wubishet. Wubishet aliutazama mlima.

"Gari ni langu, kaka," alisema Bibi Yeshimebet.

Uso wa Mzee Gebeyehu ulifungika kama dirisha la tiketi.

"Bodi ni yangu," aliendelea bibi, "na deni la kodi ya barabara ni langu. Lakini hiyo krenki unayoisikia ni ya kijana huyu. Nilimwachia gari lina krenki iliyoungwa, ya kuniua mlimani. Nikaenda kwa Mariamu. Alikaa nalo mvua yote, amefunga, uliza Gofa yote. Niliporudi nikakuta ametoa krenki ya gari lake mwenyewe, zima, la kwendea posa, akaniwekea mimi. Kwa krenki hiyo hakunidai hata senti. Gari lake liko wazi mpaka sasa hivi ninavyosema, ndiyo maana nimemleta."

Hapakuwa na neno moja la uongo, na Wubishet, aliyeishi kwa maneno, alisimama pale akiyatafutia hayo yasiyo ya uongo mahali pa kushika, yakamteleza.

"Ni kweli?" Mzee Gebeyehu alimuuliza.

"Ni kweli," alisema Wubishet. Lilikuwa jambo la ajabu kulisema, akarudia. "Ni kweli, baba."

Mzee Gebeyehu aliiweka bisibisi chini juu ya nyasi, kwa uangalifu. "Nilitaka mtu mwenye gari," alisema. "Wenye magari wapo wengi."

Mzee Woldeyes hakuichezea nafasi ile. Alisimamisha wenzake, akainua mikono. "Kilichotolewa kwa mjane mbele yetu watatu hakirudi. Na atakayekidai tena arudi nyumbani mikono mitupu. Amina?"

"Amina," walisema wazee.

"Amina," alisema Bibi Yeshimebet.

Wakamngoja Wubishet. Ndani ya nyumba mtu alicheka kwa pua.

"Amina," alisema, na krenki yake ikamtoka rasmi.

Kahawa ilikaangwa, mahindi ya bisi yakamwagwa kwenye sinia, binti akatolewa kwa maneno mazuri, tarehe ikapangwa. Mzee Gebeyehu, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amecheka mbele ya wageni, alimketisha mkwe wake karibu kabisa, akamtilia kikombe cha tatu kwa mkono wake, akamwegemea.

"Mwanangu, nimekuwa nikiwaza. Nina dada yangu yuko Mojo. Mjane. Naye ana Corolla, inakula oili vibaya sana. Halafu mke wa marehemu kaka yangu, hapa hapa nyuma. Na mama mmoja wa parokia yetu, yeye lake limesimama tangu Pasaka."

Wubishet alikiinua kikombe. Kahawa ilikuwa ya moto mno, akaimeza hivyo hivyo.

"Wa Mojo namfahamu," alisema Bibi Yeshimebet, akijichotea bisi. "Lake limepasuka krenki."